Maserati GranTurismo (2007–2019): Dalili, Chanzo na Tiba

Malalamiko ya wenye Maserati GranTurismo, gari la kifahari la Kiitaliano, yanafanana mno. Taa za onyo zinawaka zote kwa mpigo, injini inakwaruza ikiwashwa alfajiri, gia inashtuka, kioo hakishuki, vitufe vinanata vidoleni. Ukiyafuatilia moja baada ya jingine utagundua kwamba karibu kila tatizo limetokana na uamuzi fulani wa waliolichora na kuliunda gari hili. Fundi anayeelewa lilivyoundwa hufika kwenye ugonjwa mapema. Asiyeelewa huishia kubadilisha vipuri kwa kubahatisha, na vipuri vyake si vya bei ya kubahatishia.

Gari lenyewe lilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva Machi 2007, miaka 60 tangu Maserati ionyeshe gari lake la A6 1500 katika mji huohuo. Umbo ni la Pininfarina, kampuni ya Italia ya kubuni magari, chini ya mbunifu Jason Castriota, na ule mdomo mpana wa mbele unakumbusha gari la maonyesho la Birdcage 75th la mwaka 2005. Chini ya umbo hilo kuna msingi wa Quattroporte, gari la Maserati la milango minne, ya kizazi cha tano, uliofupishwa, kutoka milimita 3,064 kati ya ekseli hadi 2,942. Injini ni V8 ya ukoo wa F136 iliyoundwa na Ferrari kule Maranello, ikasukumwa nyuma ya ekseli ya mbele ili uzito usielemee upande mmoja: lita 4.2 yenye nguvu za farasi 405, na kuanzia 2008 lita 4.7 yenye 440 katika GranTurismo S. Ina viti vinne ambavyo watu wazima wanakaa kweli, na uzito wa karibu kilo 1,880. Ni gari la mwendo mkali, zito, lenye kompyuta nyingi. Shikilia mambo hayo matatu, maana dalili nyingi hapa chini zinarudi kwayo.

## Gari haliwaki, au taa za onyo zinawaka zote kwa pamoja

Anza na betri, hata kama uliiweka juzi.

Betri ya gari hili iko kwenye buti, chini ya zulia, pamoja na swichi kuu ya kukata umeme. Liache gari lilale usiku kucha, kisha asubuhi pima kwa multimita kabla hujawasha chochote. Volti 12.6 maana yake betri imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 usitafute mchawi mwingine. Kisha mwenzako awashe injini huku wewe umeshika mita. Ikishuka chini ya volti 9.6 wakati starta inazunguka, betri imechoka. Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma pungufu, angalia waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi kama umelegea au umeota kutu, halafu ndipo uishuku alternata, mashine inayochaji betri.

Kwa nini betri moja dhaifu iwashe taa ya ABS, ya giaboksi na ya shokapu kwa wakati mmoja? Kompyuta za gari hili huongea kwa mtandao wa waya. Umeme ukishuka wakati wa kuwasha, baadhi hunyamaza kwa sekunde moja, na kila moja iliyobaki inaandika hitilafu kwamba mwenzake hajibu. Ukichomeka mashine ya kupima utakuta orodha ndefu ya misimbo inayotisha. Usinunue kitu. Chaji betri mpaka ijae, futa misimbo, endesha siku mbili, upime tena. Itakayorudi ndiyo ya kweli.

Chanzo cha pili ni gari kulala muda mrefu. Haya ni magari ya wikendi, na hata likiwa limezimwa kengele na kipokezi cha funguo vinakunywa umeme polepole. Dawa ni chaja ndogo ya kudumisha betri, ile inayojizima yenyewe, iwe imechomekwa kila gari linapolala zaidi ya wiki. Mnaotunza magari haya Dubai, Doha au Maskati mnajua kwamba joto huua betri mapema zaidi, kwa hiyo chaja hiyo haikwepeki.

Chanzo cha tatu ni umeme unaovuja. Funga gari, subiri saa nzima kompyuta zilale, kisha pima mkondo unaotoka kwenye betri. Kiasi kisichozidi miliampia 50 si cha kutisha. Ukizidi, chomoa fyuzi moja moja ukiangalia mita. Mara nyingi mwizi ni kitu kilichoongezwa baadaye: traka, kamera, redio isiyo ya kiwandani.

Mambo mawili ya tahadhari. Ukizima injini usikate swichi kuu papo hapo. Zipe kompyuta dakika chache zimalize kuhifadhi kumbukumbu. Na kwa kuwa breki ya kuegesha ni ya umeme na buti hufunguliwa kwa umeme, soma kitabu cha mwongozo ujue njia ya dharura ya kuvifungua vyote viwili *kabla* betri haijafa. Ishia hapo uite fundi wa umeme ukiona waya umeyeyuka, ukinusa plastiki inayoungua, au fyuzi ileile ikikatika mara ya pili. Kamwe usiweke fyuzi kubwa zaidi ili isikatike.

## Kioo cha mlango hakishuki unapovuta komeo

Milango ya gari hili haina fremu juu ya kioo, na ndiyo sababu ubavu wake umenyooka vizuri vile. Ukivuta komeo, kioo hushuka kidogo kitoke kwenye mpira. Ukifunga, hupanda tena kikaingia chini ya mpira. Simama kando yake usikilize: kuna mlio mfupi wa mota, kioo kinashuka upana wa kidole, ndipo mlango unaachia.

Kisiposhuka, chanzo cha kwanza ni kilekile, betri. Cha pili ni kioo kusahau mwisho wake baada ya umeme kukatwa. Kishushe hadi chini kabisa, kipandishe hadi juu, uendelee kushikilia swichi sekunde kadhaa. Cha tatu ni swichi ndogo iliyo ndani ya kufuli la mlango, na hapo ubao wa ndani wa mlango lazima ufunguliwe. Gari lina mikoba ya hewa ya usalama ya pembeni, kwa hiyo betri ikatwe kwanza na kazi ifanywe na anayejua.

Betri ikiwa imekufa kabisa, usiubamize mlango. Sukuma kioo kwa kiganja kielekee ndani huku ukiufunga polepole, la sivyo utachana mpira au kuvunja kioo.

## Injini inakwaruza sekunde chache ikiwashwa baridi

Huu ni mlio unaowakosesha usingizi wengi: *krrrr* kavu kutoka mbele ya injini, sekunde mbili au tatu, kisha kimya. Usichanganye na mngurumo wa kawaida wa kuwasha, ambao kwa V8 hii ni mkubwa tangu kiwandani.

Anza na oili. Pima kiwango kwa utaratibu wa kitabu, gari likiwa sehemu tambarare. Oili iliyopungua, iliyozeeka au isiyo ya uzito ulioandikwa na kiwanda hufika juu kwa kuchelewa. Angalia pia filta. Filta nzuri ina vali inayozuia oili isirudi yote chini injini ikizimwa. Za bei rahisi huachia, na asubuhi vyuma vinasuguana vikavu. Nimeona watu wakiandaliwa bei ya kufungua injini kumbe tatizo ni filta.

Oili ikiwa sawa, mshukiwa anayefuata ni variata, zile gia za majimaji zilizo mwisho wa kamshafti, mihimili inayofungua vali, upande wa vali za kuingiza hewa. Kazi yake ni kusogeza wakati wa vali kufunguka kulingana na mwendo, ndiyo maana injini inavuta vizuri chini na bado inazunguka hadi mizunguko 7,000 kwa dakika. Ndani kuna pini inayoifunga injini inapozimwa. Pini ikilika, variata inacheza huku na huku mpaka presha ya oili ifike. Zilizo kwenye magari ya lita 4.2 ya miaka ya mwanzo ndizo zinazolalamikiwa zaidi. Soma misimbo: P0011 inaelekeza benki (safu ya silinda) ya kwanza, P0021 ya pili. Kabla ya kuhukumu variata, vali ya umeme inayoipelekea oili isafishwe na kupimwa, maana uchafu kidogo humo huleta msimbo uleule.

Nadra zaidi ni kibanio cha cheni ya taimingi, ile inayozungusha kamshafti. Na kuna mlio wa *tik-tik* unaopotea injini ikipata moto. Huo mara nyingi ni gasketi ya manifoldi ya ekzosi inayopumua, ingawa masikio huuweka kwenye injini.

Zima injini papo hapo kama taa ya presha ya oili inabaki imewaka, au mlio unaendelea hata oili ikishapata moto. Usijaribu kufika gereji, litabebwa. Kubadilisha variata kunahitaji vifaa maalumu vya kufungia kamshafti zisizunguke. Fundi asiye navyo, hata awe hodari vipi, asiiguse. Taimingi ikiteleza, vali zinakutana na pistoni.

## Gia inashtuka, inachelewa au inakataa kuingia

Kwanza jua una giaboksi ipi, maana ni mashine mbili tofauti kabisa. Magari mengi yana otomatiki ya gia sita ya ZF, kampuni ya Ujerumani, iliyofungwa nyuma ya injini kama kawaida. Uzito wao umegawika asilimia 49 mbele na 51 nyuma. GranTurismo S ya kwanza ina MC-Shift: giaboksi ya klachi kavu, imepelekwa hadi kwenye ekseli ya nyuma, na gia zinasukumwa na majimaji yenye presha. Hapo uzito ni 47 kwa 53, na dereva anauhisi kwenye kona. Kwangu mimi huo ndio uhandisi mzuri zaidi katika familia hii, na ndio unaodai matunzo zaidi.

Otomatiki ya ZF. Ukiweka D na gari likachelewa kisha likaruka, au gia ya pili kwenda ya kwanza ikapiga teke ukikaribia kusimama, anza na oili ya giaboksi. Wauzaji husema ni ya maisha yote ya gari. ZF yenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Hakuna kijiti cha kupimia: gari linawekwa sawasawa juu ya lifti, injini inawaka, oili iwe kati ya nyuzi joto 30 na 50 za Selsiasi, ndipo tundu la pembeni linafunguliwa na kujazwa mpaka litiririke. Ukipima ikiwa ya moto zaidi utapata jibu la uongo. Sampo yake, ile trei ya oili ya chini, ni ya plastiki na filta imo humohumo, hivyo hubadilishwa nzima.

Ukikuta oili imepungua, tafuta ilipopitia. Mara nyingi ni pale plagi ya umeme inapoingia giaboksi, kwenye kipande cha plastiki chenye pete za mpira zinazokauka kwa umri. Ni kipuri cha bei nafuu, na fundi anayefanya sevisi ya giaboksi asikiache. Baada ya kazi, kompyuta ifutiwe mazoea ya zamani ijifunze upya. Bado ikishtuka, sasa shuku vali za umeme ndani ya ubongo wa giaboksi. Hiyo si kazi ya gereji ya mtaani.

Likikwama barabarani lisivutwe na magurudumu ya nyuma yakiwa chini, maana injini ikizimwa pampu ya oili haizunguki na giaboksi inajisaga yenyewe. Liite gari la kubeba.

MC-Shift. Fungua mlango wa dereva usikilize upande wa nyuma. Pampu inapaswa kulia kidogo ikijaza presha, kisha inyamaze. Isipolia kabisa, angalia fyuzi na rilei ya pampu. Rilei hiyo nashauri ibadilishwe kila baada ya miaka michache hata kama haijafa, kwa sababu ikinata ikiwa imewaka, pampu itazunguka bila kupumzika mpaka iungue, na bei ya pampu haisemeki. Pampu ikilia kila baada ya sekunde chache, basi akumuleta, lile kopo la gesi linalotunza presha, imepoteza gesi yake, au kuna mahali majimaji yanavuja.

Kama pampu ni nzima lakini injini inapiga kelele bila gari kuongeza mwendo, klachi imelika. Mashine ya kupima itakuonyesha kiasi kilichobaki. Dai kukiona kwa macho yako kabla ya kununua gari la aina hii. Klachi hizi huuawa na foleni: kusogea hatua kwa hatua mlimani, kurudi nyuma ukipanda. Kwenye taa weka N. Klachi mpya ikifungwa, kompyuta lazima ifundishwe upya mahali inaposhikia, la sivyo italika upesi kama ile ya kwanza.

Usifungue mpira wala bomba lolote la mfumo huu. Presha yake hupita bar 40 na hubaki hata gari likizimwa. Majimaji yake ni maalumu, usiongeze oili ya breki wala ya otomatiki.

## Mbele inagonga kwenye matuta

Ekseli zote mbili zina mikono ya alumini, miwili juu na chini kila gurudumu. Inafanya usukani uwe mwepesi na sahihi, ila inabeba gari zito, na bushi zake za mpira ndizo zinazolipa.

Gusa kwanza vitu rahisi: linki za stabilaiza, vijiti vinavyounga magurudumu na fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Zishike kwa mkono uzitikise. Zikicheza, umepata mgonjwa wa bei nafuu. Zikiwa ngumu, nyanyua gari, weka stendi imara, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza hivyo ni boljointi au bearing. Likicheza ukishika kushoto na kulia, ni tairodi. Kama halichezi popote lakini linagonga, angalia bushi za mikono ya chini kwa tochi. Utaona mpira umepasuka au umetoka nje ya chuma. Kiwanda mara nyingi huuza mkono mzima, ingawa wapo wanaotengeneza bushi peke yake.

Shokapu za Skyhook, zinazobadilika ugumu kwa umeme, huja mwisho kwenye orodha. Zikivuja oili utaiona kwenye mwili wake. Ukiweka za kawaida badala yake, taa ya onyo haitazimika. Usitumie jeki mahali popote isipokuwa sehemu nne zilizowekwa na kiwanda, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

## Linachemsha

Maji yamepungua, feni hazizunguki kwenye foleni, rejeta imeziba kwa wadudu na majani yanayoingia kwenye ule mdomo mpana, termostati imekwama: kwa mpangilio huo. Feni utaijaribu kwa kuwasha kiyoyozi gari likiwa limesimama. Sindano ikipanda, simama, zima, usifungue mfuniko mpaka injini ipoe kabisa. Likichemsha mara moja hadi mwisho, kabla ya kuliwasha tena lipimwe presha ya mfumo wa maji. Vichwa vya injini ni vya alumini na hupinda.

## Injini inamisi

Yaani silinda moja haiwaki sawasawa. Soma msimbo. P0301 hadi P0308 inataja silinda. Kila plagi ina koili yake juu, kwa hiyo hamisha koili ya silinda inayolalamika uipeleke kwa jirani, ufute msimbo, uwashe. Msimbo ukihama na koili, nunua koili moja tu. Ukibaki palepale, toa plagi uitazame. Kukiwa na oili kwenye shimo lake, gasketi ya kifuniko cha juu inavuja, na huenda ndiyo harufu ya kuungua uliyokuwa unainusa baada ya safari.

Taa ya injini ikipepesa badala ya kuwaka tu, ondoa mguu na usimame. Petroli isiyoungua inakwenda kuiunguza katalisti, chombo cha kusafisha moshi wa ekzosi.

## Vitufe vinanata, ngozi ya dashibodi inainuka

Wabunifu walitaka kila kinachoguswa kiwe laini, wakavipaka vitufe na paneli rangi ya mpira. Baada ya miaka kadhaa ya joto rangi hiyo inarudi kuwa gundi. Gusa kitufe cha kiyoyozi utaona alama ya kidole chako imebaki, pamoja na kinyweleo na vumbi.

Dawa ni kuivua. Kitambaa kisichotoa nyuzi, pombe ya isopropili kidogo, na subira. Sugua taratibu mpaka plastiki ngumu ya chini ionekane. Hatari ni alama zilizochapwa: juu ya vitufe vyenye picha, pombe inaondoa picha pamoja na gundi. Hivyo vipelekwe kwa wanaovipaka na kuvichapa upya. Usipulizie kimiminika moja kwa moja kwenye paneli, kitaingia kwenye swichi.

Ngozi inayoinuka karibu na kioo cha mbele imesinyaa kwa jua. Isivutwe wala kubandikwa na asiye mtaalamu wa ngozi, hasa upande wa abiria, kwa kuwa mkoba wa hewa uko chini yake na lazima ngozi ipasuke sawasawa siku ya ajali.

## Ekzosi inanguruma muda wote, hata bila kubonyeza kitufe cha Sport

Magari yenye ekzosi ya vali hufunga vali hizo kwa mvuto wa hewa, na zikikosa mvuto hubaki wazi. Kwa hiyo mngurumo wa kudumu kwa kawaida ni kipira kilichochomoka au kupasuka. Kifuate kutoka kwenye vali za nyuma kuelekea mbele, ukikagua kila kiungo gari likiwa limepoa. Kikiwa kizima, jaribu vali ndogo ya umeme inayoelekeza mvuto huo. Mwisho kabisa ni ekseli ya vali yenyewe iliyoganda kwa kutu. Ilainishe kwa dawa ya kulegeza kutu na kuizungusha kidogo kidogo kwa koleo, bila kuilazimisha.